Daftari la Kijumbe

Mama yangu amekuwa kijumbe tangu kabla sijazaliwa. Kwenu huenda mnauita upatu au chama; kwetu Ngamiani, Tanga, ni mchezo tu. Watu kumi na wanne, kila mmoja anatoa shilingi 20,000 kila Jumamosi, na kila Jumamosi mmoja wao anapokea fungu lote. Wiki ya kumi na nne inapoisha, kila mtu ametoa 280,000 na kila mtu amepokea 280,000. Hakuna faida wala riba. Mchezo mzima umesimama juu ya kitu kimoja: aliyepokea Jumamosi ya kwanza lazima aendelee kuleta mpaka Jumamosi ya mwisho, ingawa tumbo lake limeshajaa.

Mama ana sheria tatu. Mgeni hapokei mwanzo, anakaa mkiani mpaka ajulikane. Kila pesa inaandikwa kwenye daftari mbele ya aliyeileta. Na hakuna anayeingia bila mtu wa mtaani wa kumwambia Mama, huyu namjua, nyumba yake ile pale.

Nilipokuwa kidato cha pili aliivunja sheria ya kwanza. Mpangaji wa nyumba ya pili, mwanamke mcheshi aliyekuwa akinisuka nywele bure, alikuja na machozi akisema mwanawe anafukuzwa shule. Mama akampa zamu ya kwanza. Wiki ya tatu mlango wake ulikutwa wazi na chumba kitupu. Kijumbe ndiye hubeba, kwa hiyo Mama akaanza kuleta mara mbili, yake na ya aliyekimbia. Mwezi wa pili aliuza cherehani. Lakini kilichomliza si cherehani. Kilichomliza ni wanachama wawili wa siku nyingi, watu waliomzika baba yangu, ambao nao waliacha kuleta. Mmoja alisema waziwazi barazani kwetu: kama yule kala na hakuna kilichompata, kwa nini mimi niwe mjinga?

Nimeikumbuka sentensi hiyo mara nyingi tangu Mama alipougua.

*

Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Alitokwa damu kwa miezi kadhaa bila kutuambia, akidhani ni ukomo wa hedhi unaomchezea. Alipoandikiwa rufaa kuja Ocean Road, Dar es Salaam, alifikia kwangu Kigamboni. Mionzi siku tano kwa wiki, wiki tano, na dripu mara moja kila wiki. Kila asubuhi tulivuka na pantoni, tukisimama katikati ya pikipiki na matenga ya samaki, kisha tukachukua bajaji kutoka Magogoni.

Simu zilianza. Shangazi mmoja alitaka kujua nani kamtupia. Mjomba alisema ni adhabu, hakusema ya nini. Mama alizisikiliza zote kwa adabu. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, tumekaa mlangoni tukipunga upepo kwa vipande vya boksi, akaniuliza.

“Wewe si mwalimu wa baiolojia? Niambie hiki kitu ni nini. Na usinifiche.”

Nafundisha baiolojia kwa Kiingereza, kama sekondari zote za hapa. Naweza kuchora seli inayogawanyika ubaoni nikiwa nimefumba macho. Lakini pale gizani, mbele ya mama yangu, niligundua kwamba sina maneno ya lugha yangu ya kumweleza kinachomuua. Nikashika maneno yaliyokuwa karibu, nayo yalikuwa ya kwake.

“Mama,” nikasema, “mwili ni mchezo.”

Nikamwambia kwamba kwa muda mrefu sana, zaidi ya miaka bilioni mbili, viumbe duniani vilikuwa seli mojamoja, kila seli ikijitafutia na kuzaana kadiri ilivyoweza. Baadaye, takribani miaka milioni 600 iliyopita, wanyama wa kwanza walitokea: seli nyingi zilizokubali kuishi pamoja. Nilisema “zilikubali” huku nikijua hazina akili ya kukubali, ila sikuwa na kitenzi kingine. Seli ya ngozi haitapeleka mtoto wake kizazi kijacho; kazi hiyo imeachiwa yai na mbegu. Nyingine zote zinaleta tu, kila siku, bila zamu yao kufika.

Na masharti ni magumu. Athena Aktipis, mtafiti wa Marekani, na wenzake waliyapanga mwaka 2015 katika mafungu matano: seli isizaane ovyo, ife inapotakiwa kufa, igawane chakula na wenzake, ifanye kazi yake iliyopangiwa, na itunze mazingira ya pamoja. Saratani huvunja yote matano. Inazaana bila ruhusa. Inakataa kufa. Inavuta mishipa ya damu ije kwake, kama mtu aliyejiunganishia umeme kutoka kwenye nguzo ya mtaa. Inaacha kazi. Inachafua jirani.

“Kufa inapotakiwa?” Mama alishangaa. “Inatakiwa na nani?”

Nikamshika mkono, nikapitisha kidole changu katikati ya vidole vyake. Ulipokuwa tumboni kwa bibi, nikamwambia, mkono huu ulianza ukiwa bapa kama kafi. Vidole vilitengana kwa sababu seli zilizokuwa katikati zilikufa, kwa utaratibu, bila fujo. Mwaka 1972 watafiti watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliupa utaratibu huo jina la Kigiriki linalohusu majani yanayodondoka mtini, apoptosisi. Sisi tunasema kupukutika.

“Zimepukutika,” Mama alirudia, akiitazama nafasi kati ya vidole vyake.

*

Nilichompa usiku ule kilikuwa nusu ya hadithi. Nusu ya pili ndiyo ya kutisha zaidi, na niliimeza kwa siku kadhaa.

Mwaka 1976 Peter Nowell, mtafiti wa Marekani, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hukua kwa kanuni ileile ya mageuko ya viumbe. Seli moja inakosea kunakili jeni. Kosa hilo likiipa nafasi ya kugawanyika haraka kuliko jirani zake, watoto wake wanakuwa wengi kuliko wa jirani. Mmoja wa watoto hao anakosea tena, na watoto wake wanakuwa wengi zaidi. Hivyo ndani ya mtu mmoja, kwa miaka, unafanyika mchujo ambao kwa kawaida tunausimulia kuhusu twiga na shingo zake. Ukileta dawa, seli zinazoweza kuivumilia ndizo zinazobaki na kuzaana. Hakuna aliyepanga. Hakuna hata anayetazama mbele, kwa sababu seli inayoshinda mashindano haya inamuua mwenye mwili, na inakufa naye.

Kuna wakati haifi. Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi, alifariki Baltimore mwaka 1951 kwa ugonjwa huuhuu wa mama yangu. Seli za uvimbe wake, zilizochukuliwa bila ridhaa yake, zingali zinagawanyika kwenye maabara duniani kote. Nilipokuwa chuoni niliona hilo ni jambo la ajabu na zuri. Nilipolifikiria nikiwa na Mama amelala chumba cha pili, niliona kitu kingine: seli zilizokula mchezo mzima, na bado zinakula, zaidi ya miaka sabini baada ya mwenye mchezo kuzikwa.

Mama alirudi kwenye mazungumzo yetu mwenyewe, kwenye pantoni, kama mtu anayeendelea na sentensi ya dakika moja iliyopita.

“Kwa hiyo si mdudu wa nje. Si mtu kanitupia. Ni mimi mwenyewe.”

“Si wewe, Mama.”

“Umesema ni seli zangu. Mwili wangu mwenyewe ndio umenigeuka.” Alitazama maji. “Afadhali uchawi. Mchawi nitamchukia.”

Sikuwa nimeliona hilo. Nilidhani namtoa kwenye hofu, kumbe nimempa aibu. Mtu akiwa na mchawi ana adui. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba kijumbe kaibiwa ndani ya nyumba yake tena.

Nikajaribu kurekebisha. Nikamweleza kwamba kwenye saratani ya shingo ya kizazi kuna mgeni kweli, kirusi kiitwacho HPV, na kwamba karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenza hukutana nacho. Wengi miili yao hukifukuza bila wao kujua. Kikikaa miaka mingi, kinaharibu ulinzi. Kila seli ina protini iitwayo p53, ambayo nilimwelezea kama kijumbe: inakagua daftari la jeni kabla seli haijagawanyika, ikiona makosa inasimamisha kazi yarekebishwe, na yasiporekebishika inaiamuru seli ipukutike. Kirusi hiki kina protini inayoishika p53 na kusababisha iharibiwe. Kijumbe anaondolewa kwanza. Kula kunafuata baadaye.

“Ah,” Mama alisema. Alikaa kimya mpaka pantoni ikagusa ng'ambo. “Na watoto wa siku hizi?”

Nikamwambia wanachanjwa. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mjukuu wake, binti wa kaka, alishachanjwa shuleni. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kumwona akitabasamu.

*

Sasa niseme langu.

Tulipojua Mama anaumwa, kaka yangu mkubwa alifungua kundi la WhatsApp. Watoto wanne, 100,000 kila mmoja kila mwezi, zote zije kwenye simu yangu kwa kuwa Mama yuko kwangu. Nauli, vipimo, chakula. Daktari alikuwa amesema damu yake iko chini, ale vizuri, asichoke.

Mwezi wa pili shule ninayofundisha ilichelewesha mshahara. Mwenye nyumba alikuja mara mbili. Mara ya tatu alikuja na fundi wa kubadilisha kitasa. Nililipa kodi kwa pesa ya Mama. Nilichukua 150,000, na mchango wangu wa mwezi ule sikuuweka kabisa. Kwenye kundi niliandika: “Zote zimefika. Mungu awabariki.”

Nilijiambia nitarudisha. Nilijiambia pia kwamba mimi ndiye niliye naye, mimi ndiye naamka saa kumi, wale wengine wanatuma tu. Yote hayo ni kweli. Hakuna mwizi wa mchezo niliyewahi kumsikia asiye na sababu ya kweli.

Pesa ilipopungua nilianza kubana. Mayai yakawa moja badala ya mawili. Maini yakatoka. Kisha asubuhi moja, tuliposhuka Magogoni, nikasema bajaji leo hakuna. Bajaji zilikuwepo, zimepangana, madereva wanatuita. Mama alizitazama. Kisha akajifunga kanga vizuri na kuanza kutembea.

Si mbali kwa mtu mzima wa afya. Kwa mwanamke wa miaka 58 mwenye damu chini, ambaye mionzi imemchoma na tumbo linamwendesha, ni mbali sana. Alikaa chini mara tatu njiani. Mara ya tatu tulikuwa tumefika kwenye miti, bahari inaonekana, na alikuwa amefumba macho akipumua kwa mdomo. Nilisimama pembeni yake na pochi yangu. Nilifikiria protini zangu na watafiti wangu, na maneno yangu mazuri ya usiku ule. Na nikamsikia yule mwanachama wa barazani, kwa sauti yangu: hakuna kilichonipata.

*

Mama huwa hasafiri bila daftari. Wiki moja kabla matibabu hayajaisha nililikuta mezani, limefunguliwa, na sikujua kama limesahauliwa au limewekwa. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa mchezo wa Ngamiani. Alikuwa akiuendesha kwa simu, na jirani anakusanya. Ukurasa wa kulia aliandika majina yetu wanne, na miezi. Mbele ya kila jina alama ya vema, kila mwezi. Mbele ya jina langu, mwezi wa pili, hakukuwa na vema wala mkasi. Aliacha pengo.

Nilimfuata uani. Alikuwa anachambua mchele.

“Mama, nililipa kodi.”

“Najua. Mwenye nyumba ana sauti kubwa.” Hakuinua kichwa. “Nilikuwa nangoja uje mwenyewe.”

Nikaanza kulia, nikasema maneno ya ovyo, nikasema mimi ni kama hizo seli, mimi ndiye saratani ya nyumba hii. Hapo alisimamisha ungo.

“Acha kujipamba,” alisema. “Seli yako hiyo inajua kurudi?”

Nikasema hapana. Kosa la jeni likishanakiliwa, watoto wote wa seli ile wanazaliwa nalo.

“Basi si wewe. Wewe una mdomo wa kusema na mikono ya kulipa. Utalipa lini?”

Tukapanga: 50,000 kwa miezi mitano, pamoja na mchango wangu wa kawaida. Akaandika. Kisha, akiwa amerudi kwenye mchele wake, akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo kuliko chochote nilichosoma chuoni.

“Tangu nije hapa unanieleza kuhusu aliyekula. Amekulaje, kaanza lini, kaharibu nini. Sawa. Mimi nimekuwa kijumbe zaidi ya miaka thelathini. Aliyekula nimemwona mara tano, sita. Hanishangazi, njaa naijua. Wanaonishangaza ni wanaoleta. Mtu keshapokea, kesha kula, mvua inanyesha, na Jumamosi anapiga hodi na elfu ishirini yake. Hao wamesomewa wapi?”

*

Mwili wa binadamu una takribani seli trilioni 30. Seli nyekundu ya damu inafanya kazi kama siku 120, inachoka, inaondolewa. Ngozi ya ndani ya utumbo inajibadilisha yote ndani ya siku chache. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea, na siku moja ina migawanyiko isiyohesabika. Ukifanya mahesabu kwa uaminifu, swali linageuka: kwa nini hatufi wote utotoni?

Katika miaka ya 1970 Mwingereza Richard Peto aliliuliza swali hilo kwa namna yake. Mnyama mkubwa ana seli nyingi kuliko mdogo, kwa hiyo angepaswa kupata saratani zaidi. Lakini haiko hivyo. Tembo, kwa ukubwa wake na maisha yake marefu, hufa kwa saratani mara chache kuliko sisi. Mwaka 2015 watafiti walionyesha sababu mojawapo inayowezekana: jeni inayotengeneza p53, ambayo sisi tuna nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, tembo anazo takribani arobaini. Seli yake ikiona kosa, haisumbuki sana kurekebisha, inapukutika mapema. Nilipomsimulia Mama, alisema tembo ana vijumbe wengi na huruma kidogo, na kwamba mchezo wa namna hiyo hauwezi kudumu Ngamiani.

Hata mionzi aliyokuwa akipigwa inategemea tofauti hiyo ya kujali. Mionzi inakata jeni za seli zote inazopita, nzima na mbovu. Seli nzima ina nafasi kubwa ya kusimama, kusoma daftari lake, kujirekebisha. Seli iliyotupa daftari inakimbilia kugawanyika na majeraha yake, na wengi wa uzao wake hufia hapo. Kinachomwokoa mgonjwa, kwa sehemu, ni kwamba seli zake zilizobaki waaminifu bado zinafuata masharti ya zamani.

Mwezi aliotakiwa kufanya vipimo vya mwisho, pesa yetu ilikuwa imepelea kwa ajili yangu. Zamu ya mchezo ilikuwa ya mwanamke anayeuza vitumbua Barabara ya Nne, na alikuwa ameingoja wiki tisa. Alimpigia Mama simu. Akamwambia apokee yeye, na zamu ya Mama ya mwishoni ataichukua yeye. Alipoulizwa kwa nini, alisema tu, “Si wewe kijumbe?” Hakujua kwamba pengo lile nililichimba mimi. Mama naye hakusema.

Huo ndio mpaka wa mfano wangu, na nimeacha kuuficha darasani. Seli haitoi zamu yake. Inatimiza masharti au inayavunja, na haijui lolote kati ya hayo mawili. Yule mama wa vitumbua alijua. Alijua pesa inaweza isirudi, alimjua mpangaji wa nywele, alishawahi kuliwa. Akaleta.

Mama alirudi Tanga. Huu ni mwaka wa pili. Anakuja kliniki kwa tarehe zake, tunavuka na pantoni, na bajaji nalipa mimi. Kila tukingoja majibu nahesabu kimoyomoyo, na najua kwamba ndani yake huenda ipo seli moja iliyosalia, au haipo. Yeye anahesabu vitu vingine. Mara ya mwisho alinionyesha daftari jipya, lenye jalada la bluu, na majina kumi na manne. Langu liko mkiani, nafasi ya kumi na nne.

“Mgeni hapokei mwanzo,” alisema.

Jumamosi nilituma elfu ishirini.